Mgeni Kaja na Basi

Tabora ni mji wa miembe. Ukishuka kwenye treni unaikuta, ukienda msikitini unaikuta, ukifuatilia bili ya maji unasubiri zamu yako chini yake. Sijawahi kuona mtu akiimwagilia hata kopo moja. Kokwa zake zilikuja na misafara ya karne ya 19: mtu alikula embe, akatupa kokwa, akajitwika mzigo wake na kuendelea na safari ya Ujiji. Hiyo ndiyo bustani yote aliyofanya. Mpaka leo msimu ukifika maembe yanaoza njiani, na mbuzi wanayapita kama hawayaoni.

Nimeanza na miembe ili nikilalamika mnielewe. Sebuleni kwangu kuna mti mmoja, mmoja tu, urefu wake unanifika kifuani, na umeninyima usingizi kuliko watoto wanne niliowasomesha.

Uliingia mwezi wa sita. Binti yetu anayefanya kazi Dar es Salaam alikuja likizo, nasi tulikuwa tumejiandaa kupokea nazi, pengine na kanga ya mama yake. Akashuka kwenye basi amekumbatia mti. Elfu arobaini na tano, kanunua kwa wauza miche wa kando ya barabara. Halafu kondakta alimtoza nauli ya mti. Nikakumbuka kwamba zamani misafara ikipita Ugogo ililipa hongo kwa watemi, nguo na shanga, na enzi hizo hongo ilikuwa ushuru wa njia tu, neno halijaharibika tabia. Baada ya Ugogo wapagazi waliingia Mgunda Mkali, nyika ya kiu na vichaka, kila mmoja na mzigo wa frasila mbili begani. Mti huu umeivuka nyika hiyo hiyo umepakatwa, dirisha limefungwa usipigwe na upepo.

Jina lake la kitaalamu ni Ficus lyrata. Mtaalamu aliyeubatiza aliona majani yake yana umbo la kinubi, wengine wakaona fidla, na sisi nyumbani tukauita Fidla. Hapo ndipo kosa lilipoanza. Mti ukishapewa jina unahama ngeli. Tangu siku hiyo ikawa Fidla amekunywa, Fidla amelala, Fidla hajisikii vizuri.

Mama mkwe wangu aliuangalia kwa muda.

"Huu si mkuyu?"

"Hapana bibi, ni wa mapambo," binti akamwambia.

"Haya, mkuyu wa mapambo," akasema, akaendelea kuchambua mchicha.

Bibi hakuwa mbali na ukweli. Mkuyu na Fidla ni ukoo mmoja. Kwao Fidla ni misitu ya mvua ya Afrika Magharibi na ya Kati, na huko hupita mita 12 kwenda juu. Tena mara nyingi mbegu yake huota juu ya mti mwingine, ikashusha mizizi mpaka chini na kumnyonga mwenyeji wake taratibu. Muuaji kwao, kwangu mwali wa ndani! Mwembe asili yake ni Bara Hindi, umevuka bahari, umefika Unyamwezi kwa miguu, na haujawahi kutuomba kitu. Huyu Fidla ni Mwafrika mwenzetu, lakini masharti yake yanamshinda mganga. Anataka mwanga mwingi ila jua kali lisimguse. Anataka maji ila yasizidi. Anataka hewa ila hapendi upepo. Ukishampa mahali, usimhamishe. Afutwe vumbi majanini kwa kitambaa chenye maji, jani moja moja, na kila jani ni kubwa kama sahani ya pilau. Kiangazi cha Tabora mnakijua. Ukifuta saa mbili, saa nne vumbi limerudi.

Sasa tuje kwenye maji, maana hapo ndipo nilipotenda dhambi. Sisi tumekulia kwenye ndoo. Mabwawa yakipungua, mji mzima ulijua bila kutangaziwa. Kisha katika miaka hii ya karibuni bomba likaletwa kutoka Ziwa Victoria, mbali huko kaskazini, na mtu wa umri wangu akifungua koki ikatoa, hawezi kuifunga hivi hivi. Lazima amwagilie kitu. Basi nikawa nampa Fidla kopo moja kila asubuhi. Mke wangu, kumbe, alikuwa akimpa lake mchana. Na mama mkwe jioni alimmiminia masazo ya chai, kwa huruma, na sukari yake. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Na kopo alilopandwa lilikuwa limetumbukizwa ndani ya chungu cha kaure kisicho na tundu hata moja, kwa ajili ya urembo.

Majani yakatoka madoa ya kahawia. Tukadhani ni kiu, tukaongeza maji.

Jani la kwanza lilianguka mwezi wa saba, usiku, kwa kishindo. Msidhani natia chumvi. Jani la Fidla likianguka kwenye sakafu ya saruji unaamka kutazama mlango. Mke wangu akasema ni giza la sebuleni, tukamtoa barazani. Upepo wa kiangazi ukamkausha kingo za majani kama karatasi iliyopita karibu na moto, tukamrudisha ndani, chumba cha watoto. Kila tulipomhamisha aliangusha jani, kama mtu anayelipa kodi ya pango. Mwezi wa tisa alikuwa amebaki na majani matano, yote kileleni. Fikiria mpini wa jembe uliovaa kofia.

Livingstone alikaa hapa jirani, Kwihara, mwaka 1872, akingoja wapagazi ambao Stanley aliahidi kumtumia kutoka pwani. Stanley aliondoka mwezi wa tatu, wapagazi wakafika wa nane. Miezi mitano mzee wa watu anatazama njia. Zamani nikiwapeleka wageni kuliona lile tembe alilokaa nilikuwa nasema yule bwana alikuwa na subira ya ajabu. Sasa sisemi tena. Mimi nimengoja miezi hiyo hiyo mitano nikitazama jani jipya, na hakuna aliyenijengea makumbusho.

Aliyetuokoa ni jirani, mzee aliyelima tumbaku Urambo mpaka mgongo ukagoma. Alikuja kuazima ngazi.

"Mwangaluka."

"Mwangaluka, mzee. Shikamoo."

Hata kuketi hakuketi. Alikwenda moja kwa moja kwa Fidla, akamwinua kutoka kwenye kaure, akanusa.

"Baba, humu kuna bwawa. Mnafuga kambale?"

Akamwagia nje yale maji, na kwa kweli sitaki kuieleza harufu yake. Akamchomoa mti mzimamzima. Mizizi nusu yake ilikuwa myeusi, laini kama mlenda. Akaikata yote iliyooza, akaniagiza udongo wa msituni uliochanganywa na mchanga, kopo lenye matundu, na kaure akamkabidhi bibi ahifadhie chumvi. Sheria ya maji ikawa moja: chomeka kidole, ukiona ukavu umefika kiungo cha pili, mpe, kabla ya hapo weka kopo chini. Tangu hapo anakunywa mara moja kwa wiki, na anayempa ni mtu mmoja.

"Na huu urefu usio na kichwa wala mabega?" nikamuuliza.

"Mkate kichwa."

Nikashtuka. Akanitazama kwa huruma ya mkulima. "Tumbaku ikitoa maua si tunaikata kichwa? Ukishakata, machipukizi yanatoka kwapani mwa kila jani. Kichwa ndicho kinachoyazuia. Wewe unalilia machipukizi, mimi nimeyang'oa miaka thelathini."

Lakini akanikataza nisikate siku ile. Mtu hatahiriwi akiwa na malaria, alisema. Tungoje mvua.

Tulipokuwa tukingoja tukafanya vikao, akatwe au asikatwe. Januari 1958 Mwalimu Nyerere aliwashawishi wajumbe wa TANU, hapa hapa Tabora, waingie kwenye uchaguzi wa kura tatu, na jambo lile likaitwa Uamuzi wa Busara. Tangu hapo kikao cha Tabora, hata cha kuchangia harusi, hakiishi kabla mtu hajalitaja jina hilo. Chetu kilichukua jioni tatu. Binti alishiriki kwa simu, siku ya kwanza akisema baba usimguse, siku ya pili akilia kidogo, siku ya tatu akitoa maelekezo kama daktari bingwa: kisu kikali, kioshwe kwa spiriti, ukate juu kidogo ya kifundo, pale jani lilipokuwa. Mama mkwe alikuwa na hoja moja tu, kwamba kuni ni ghali.

Nilikata mwezi wa kumi na moja, siku mbili baada ya mvua ya kwanza. Utomvu mweupe ukatoka kama maziwa, ukadondokea shati langu la ibada na kwenye kochi. Ulinata, ukaniwasha vidole. Nilimkumbuka mkuyu wa utotoni, tulipokuwa tukigema utomvu wake na kuufanya ulimbo wa kunasia ndege. Laiti ningemtazama Fidla kwa jicho hilo siku ya kwanza, ningejua ni mtu wa kwetu. Shati halijatakata mpaka leo.

Wiki ya kwanza hakuna kitu. Ya pili hakuna kitu, mke wangu akaanza kusema "ulimkata", hasemi tena "tulimkata". Ya nne asubuhi nikaona vipele viwili vya kijani chini ya jeraha, kila kimoja na ncha. Nilimwita mama mkwe aje ashuhudie. Akasogeza miwani. "Mkuyu unachipua," akasema. "Ulitaka ufanye nini?"

Sasa vile vipele ni matawi, moja lina majani matatu, lingine manne. Tatizo ni kile kichwa. Nilitaka kukitupa, mke wangu akakipunguza majani, akakichomeka kwenye chupa ya asali yenye maji, dirishani, akisema ni kwa ajili ya urembo tu. Mwezi uliofuata chupa ilikuwa imejaa mizizi myeupe. Jana amerudi kutoka sokoni na kopo jipya, nalo lina tundu, na anatafuta jina.

Kabla hajalipata, natangaza: mche upo, mzima, hauna jina, bado una ngeli yake. Anayeutaka aje Tabora auchukue. Nauli ya kondakta ni juu yake.