Namna ya Kupotea Kileleshwa kwa Lugha ya C

Mkazi wa Nairobi hahitaji anwani. Ana jina la mahali, na jina linatosha. Mwambie makanga wa matatu namba 46 akushushe Yaya na utashushwa Yaya; muulize namba ya jengo na atakutazama kama mtu aliyeulizwa umri wa mama yake. Masanduku ya posta tunayo, 00100 ya mjini na 00800 ya Westlands, ila sijaona mtu aliyeletewa chapati kwenye sanduku la posta. Basi bosi akikwambia uandike programu ya C inayogeuza jina la seva kuwa anwani ya namba, usitetemeke. Kazi hii umeifanya tangu utotoni. Fuata mwongozo huu, na kufikia Ijumaa jioni mizigo ya Kileleshwa itakuwa ikishushwa Kangemi, na kompaila haitakuwa imelalamika hata mara moja.

Anza na gethostbyname. Vijana watakukataza, wapuuze. Fanksheni hii ilikuja na BSD 4.2 mwaka 1983, mwaka uleule Paul Mockapetris alipoandika mapendekezo ya kwanza ya DNS, mfumo wa majina ya intaneti, na kitu kilichodumu muda wote huo hakiwezi kuwa kibaya. Unaipa jina, inakupa kielekezi, mstari mmoja tu, unaenda kunywa chai. Ni kweli kwamba kiwango cha POSIX kiliitaja kuwa imechakaa katika toleo la 2001, kisha kikaifuta katika toleo la 2008. Lakini Government Road nayo ilifutwa ikawa Moi Avenue, na hakuna aliyekufa.

Ili uonje utamu wake, njoo tusimame kwenye geti moja la fleti pale Kileleshwa, saa saba mchana. Soja amekaa kwenye kreti ya soda. Hana daftari, ana kalamu na kiganja cha mkono wa kushoto. Anafika kijana wa boda na keki ya bathdei.

"Mzee, hujambo? Natafuta kwa Mama Kevin."

"Sijambo, kijana wangu." Soja anafungua kalamu kwa meno, anaandika kiganjani: Bloku C, mlango wa 4. Ananyoosha mkono.

"Ahsante mzee, wacha niegeshe kwanza, nakuja kusoma."

Anaegesha, anavua helmeti, anakagua kama keki imelala upande. Wakati huo anaingia boda wa pili na mtungi wa gesi. Soja ni mtu wa heshima, hamkawizi mgeni. Analamba kidole gumba, anafuta kiganja, anaandika: Bloku A, mlango wa 11. Boda wa kwanza anarudi, anaushika mkono wa mzee kwa adabu zote, anausoma, anashukuru, anapanda Bloku A na keki iliyoandikwa jina la mtoto wa watu.

Tazama vizuri: hakuna aliyedanganya. Jibu lililokuwa kiganjani lilikuwa sahihi kabisa, ila lilikuwa la swali la mtu mwingine. Hivyo ndivyo gethostbyname inavyofanya kazi. Kielekezi unachopewa kinakuonyesha tu mkono wa soja ulipo, sehemu moja ya kumbukumbu ndani ya maktaba ambayo kila anayeuliza huandikiwa hapohapo. Programu yenye uzi mmoja ni geti lenye boda mmoja: utaisifu miaka kumi. Ongeza uzi wa pili ndipo uone keki zikitembea.

Mimi mwenyewe nilihitimu somo hili katika ofisi moja ya Ngong Road ambayo nimeamua kulisahau jina lake. Tulikuwa na uzi wa ramani na uzi wa malipo, na kila mmoja ulikuwa ukiuliza seva yake. Kwenye laputopu yangu kila jaribio lilipita, kwa sababu mimi nilikuwa boda mmoja. Ikaja Ijumaa ya mvua, kila mtu akaagiza chakula kwa wakati mmoja, na ombi la malipo likaenda kubisha kwa seva ya ramani. Seva ya ramani ikajibu kwa unyoofu kwamba haijui ukurasa huo. Siku mbili nzima tulilaumu mtandao. Mtandao wa Nairobi hubeba madhambi ya watu wengi.

Ukishagundua hayo, usikimbilie dawa. Weka kufuli. Kufuli ni zuri kwa sababu linaonekana kama kazi. Funga kabla ya kuita fanksheni, fungua mara tu inaporudi, halafu ndipo unakili jibu. Yaani mlinde soja akiandika, usimlinde boda akisoma. Au nakili ndani ya kufuli kama watu wenye akili, lakini usahau kwamba maktaba ya mtu mwingine uliyoiunganisha kwenye programu nayo humwendea soja yuleyule kupitia mlango wa nyuma, na haijui kama kuna kufuli duniani. Na hata ukilipata sawa kila upande, bado utakuwa na zawadi ya mwisho: seva ya majina isipojibu, glibc, maktaba ya C ya Linux, kwa kawaida husubiri sekunde 5 na kujaribu mara 2. Jina moja bovu, na nyuzi zako zote zimepanga foleni nyuma yake kama abiria wa Kencom siku ya mvua.

Wenye kupenda magumu waende gethostbyname_r. Wazo lake ni la busara: njoo na kiganja chako mwenyewe. Tatizo ni kwamba kila mtaa una desturi yake ya kunyoosha mkono. Kwenye glibc unaipa vitu 6 ndani ya mabano. Kwenye Solaris ni 5, na jibu linarudi kwa njia nyingine. Kwenye AIX ni 3. Jina moja, maumbo matatu, na hakuna kiwango kilichowahi kuyapatanisha. Hapa ndipo utaandika zile ifdef zako, moja ndani ya nyingine, mpaka ukurasa ufanane na ngazi ya mjengo wa Kilimani ambao mwenyewe ameishiwa pesa. Halafu chagua ukubwa wa bafa kwa kubahatisha. Ikiwa ndogo utapewa ERANGE, ikimaanisha kiganja hakitoshi, leta kikubwa zaidi; wewe ichukulie kuwa jina halipo na umwandikie mteja kwamba seva imekufa.

(Kuna watakaokuambia kwamba kwenye Windows gethostbyname ya kawaida haina shida hii, maana kila uzi hutengewa kiganja chake. Ni kweli. Ndiyo maana msimbo uliojaribiwa Windows pekee huja Linux ukiwa na kiburi.)

Ukichoka na hayo yote, kuna njia ya wenyeji halisi: acha kuuliza. Ulishaambiwa mara moja anwani ni ipi, iandike kwa namba ndani ya msimbo na ufunge mjadala. Hii ndiyo Nairobi niipendayo. Agosti 2018 kituo cha mafuta cha Shell pale Kileleshwa kilibomolewa kwa sababu kilikaa kwenye ukingo wa mto, na Ukay Centre ya Westlands ikaenda mwezi huohuo. Majengo yakaisha, maelekezo yakabaki: mtu anakutuma ushuke palipokuwa na fulani, ukate kushoto palipokuwa na fulani mwingine, na wewe uliyehamia juzi unasimama barabarani ukitafuta kitu ambacho kipo kwenye kumbukumbu za wengine tu. Mwaka 2021 sehemu ya barabara ya Dik Dik Gardens ilipewa jina la kiongozi wa wafanyakazi, Francis Atwoli. Kibao kikang'olewa, kikarudishwa, kikachomwa moto. Anwani iliyoandikwa ndani ya msimbo haijui habari hizo. Rekodi za DNS huja na muda wake wa kuishi, kwa sekunde, ili mwenye jina aweze kuhama. Wewe umeupa wako umri wa milele.

Usijisumbue pia kujua nani anayejibu. Ungejua ungeshangaa jinsi njia ilivyo fupi siku hizi. Programu huangalia kwanza faili la hosts la hapo ndani, kisha huuliza seva ya majina, nayo isipojua huanza kule juu kwenye mzizi: mzizi haujui nyumba, unajua tu nani anajua ke, ke inajua nani anajua co.ke, na kuendelea, kila mtu akikusukuma kwa jirani anayejua zaidi, kama unavyotafuta fundi wa friji Kawangware. Kikoa cha ke kilisajiliwa 1993, na anayekitunza sasa ni KENIC, ambao ofisi zao ziko Waiyaki Way. Lakini kabla ya kuwa na kituo cha kubadilishana data nchini, ujumbe wa kutoka Kencom kwenda Westlands, ukitumia kampuni mbili tofauti za intaneti, ulipanda setilaiti ukaenda ng'ambo, ukageuka, ukarudi. Kituo hicho, KIXP, kilifunguliwa Novemba 2000. Telkom Kenya ikalalamika, mdhibiti wa mawasiliano akakifunga baada ya wiki mbili hivi, kikarudi Februari 2002. Kwa zaidi ya mwaka mmoja kisheria ilikuwa sawa kwa barua ya Westlands kupitia ng'ambo. Nikikumbuka hayo nashindwa kumkemea boda wa keki.

Sasa, ikitokea mkaguzi wa msimbo amekukalia shingoni na huna pa kukimbilia, itabidi utumie getaddrinfo. RFC 2133 ya mwaka 1997 iliichukua kutoka rasimu ya POSIX, kiwango cha POSIX kinadai iwe salama kwa nyuzi nyingi, na umbo lake ni lilelile Linux, Mac na Windows. Ni kama keateka amemnunulia soja daftari: kila boda anachaniwa karatasi yake, anaondoka nayo. Hata anwani za IPv6 zimo, ambazo gethostbyname ilikuwa ikizificha. Inasikitisha, lakini usikate tamaa. Bado unaweza kupotea.

Usiifute kwa sifuri ile struct ya maelekezo kabla ya kuijaza. Acha takataka za kumbukumbu zimwelekeze soja. Usiseme unataka soketi ya aina gani, na kwenye Linux utapewa anwani ileile mara tatu, kwa TCP, kwa UDP na kwa soketi ghafi, kama vile wazee watatu wa stendi wanavyokuelekeza mahali pamoja kwa sauti tatu. Jibu ni orodha: chukua ya kwanza tu, na ikigoma kuunganika tangaza maafa, hata kama ya pili ilikuwa hai ikikusubiri. Likitokea kosa, tazama errno, wakati kosa lenyewe limekaa kwenye namba iliyorudishwa na fanksheni. EAI_AGAIN ina maana ya jaribu tena baadaye. Wewe itafsiri kuwa mteja hayupo.

Na kama unataka kuharibu kwa ustadi, uzi mmoja ukiwa unauliza, mwingine ubadilishe vigezo vya mazingira kwa setenv, kwa kuwa mwongozo wa Linux wenyewe unasema usalama wa getaddrinfo una sharti la kutovibadilisha. Kwenye Windows, usisahau kusahau WSAStartup, halafu uchapishe makosa kwa gai_strerror kutoka nyuzi nyingi: huko fanksheni hiyo hutumia bafa moja la wote, yaani daftari lilinunuliwa lakini malalamiko bado yanaandikwa kiganjani. Ukikutana na mashine ya zamani ya OpenBSD, ya kabla ya toleo la 5.4 la mwaka 2013, ita getaddrinfo bila kufuli na umsalimie mzee wa kiganja. Tena kumbuka kwamba kusubiri kulekule kupo palepale. Getaddrinfo haina mahali pa kusema nimechoka, naondoka. Iite ndani ya uzi unaochora skrini, mteja atazame duara likizunguka.

Limebaki moja, nalo ni dogo. Karatasi za soja hurudishwa. Ukimaliza kusoma unaita freeaddrinfo, mara moja, kwa kielekezi cha mwanzo wa orodha. Si kile ulichokisogeza mpaka mwisho ukitafuta anwani iliyo hai. Wewe usiite. Mara ya kwanza haitaumiza, wala ya mia.

Wiki jana nilipita tena kwenye lile geti. Soja ana daftari lake jipya, anachana karatasi kwa fahari. Yule kijana wa keki alikuwa ameegesha kando, jaketi limemvimba kifuani kama aliyeficha mto wa kulalia, akichomoa vikaratasi kimoja kimoja na kuvisoma juani: Bloku C, Bloku A, Bloku C, Bloku D. Mteja alikuwa kwenye simu akimuuliza amefika wapi.

"Niko kwa geti, mama," alisema. "Nipe dakika mbili, natafuta ya leo."