Cheti cha mwenendo mwema

Kijana wa Masisi akitaka kazi ya ulinzi wa geti mjini Goma, mashariki mwa Kongo, ataombwa cheti cha mwenendo mwema, na mihuri ailipie mwenyewe. Ole wake kama aliwahi kukutwa na mbuzi wa jirani.

Kosa lake ni kuiba kidogo. Mbabe wa vita Bosco Ntaganda alitolewa hati ya kukamatwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) mwaka 2006, kwa uhalifu wa kivita wa Ituri. Hati ikawekwa hadharani 2008. Mwanzoni mwa 2009 jeshi la taifa likampokea kwa cheo cha jenerali, cheti chochote asidaiwe. Goma akawa anacheza tenisi mchana kweupe. Waliotakiwa kumkamata walimpigia saluti. Mwaka 2012 akaasi, na wakubwa wakashangaa. (Walishangaa kweli, jamani!) Mwaka uliofuata alijipeleka mwenyewe ubalozi wa Marekani, Kigali. Hukumu: miaka 30.

Walikale nako kulikuwa na Ntabo Ntaberi Sheka, mfanyabiashara wa madini aliyegeuka mkuu wa wanamgambo wa Mai-Mai. Wapiganaji wake walikuwa miongoni mwa waliobaka mamia ya watu Luvungi na vijiji jirani mwaka 2010. Januari 2011 ikatoka hati ya kumkamata. Novemba jina lake likawa kwenye karatasi ya kura za ubunge. Umoja wa Mataifa ulimwekea vikwazo tarehe 28, siku ileile ya uchaguzi. Kura hazikutosha. Kiti cha kudumu alipewa na mahakama ya kijeshi ya Goma, 2020: kifungo cha maisha.