Yupo Yupo Tu

Ukimaliza shahada ya kwanza ukatangaza kwamba unapumzika kidogo kabla ya uzamili, watu wa kwetu Uyole wanasikia jambo moja tu: huna kazi. Na kijana asiye na kazi ni mali ya ukoo.

Mimi nilimalizia Mkwawa, Iringa, kile chuo cha ualimu kilichopandishwa mwaka 2005 kuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nilisomea jiografia na Kiswahili. Nilipanga kulala hadi saa nne, baridi ya Juni ya Mbeya ikiniunga mkono.

Mama akauliza, "Baba, unapumzika nini? Kwani kule ulikuwa unalima?"

Wiki haikuisha nikawa katibu wa kamati ya harusi ya binamu nisiyemfahamu, mtunza daftari wa kikoba cha mama, na mjaza fomu wa mtaa mzima. Alfajiri moja jirani akagonga: ng'ombe wake amevimba tumbo. Nikamweleza nimesomea jiografia. Akanitazama kwa huruma. "Mwalimu, hata kidogo hawakugusia?"

Bibi mmoja ambaye hakumaliza hata darasa la tatu alimnywesha ng'ombe mafuta ya kula, akapona. Sifa nikapewa mimi, kwa kuwa nilikuwa nimesimama karibu. Kuanzia hapo nikaanza kuletewa mbuzi.

Basi nikaona nikafuate transkripti Iringa, angalau nipumue. Mama akanipa gunia la viazi na ndoo ya parachichi za Tukuyu nimpelekee shangazi. Chimala, Igawa, Makambako, Mafinga, kila kituo kondakta ananiuliza mzigo huu ni wa nani. Shangazi naye hakukubali nirudi mikono mitupu. Akanifungia nyanya za Ilula. Nikaziweka juu, begi langu chini yake. Matuta ya barabarani yakafanya yaliyobaki. Kwa hiyo maombi yangu ya uzamili yalikwenda na transkripti yenye doa jekundu upande wa kulia, na aliyeipokea akauliza huo ni muhuri wa idara gani.

Kitu pekee ambacho hakikunisumbua ni Bodi ya Mikopo. Mhitimu hupewa miezi 24 kabla ya kuanza kudaiwa, na mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara. Asilimia 15 ya viazi sijui wanaikataje.

Kwa hiyo ndugu msomaji, kama umechoka na vitabu na unatamani kupumzika, unganisha uzamili moja kwa moja, ukapumzikie bwenini. Omba chuo chochote isipokuwa Sokoine, Morogoro. Kule wanafundisha mifugo, na ukirudi nyumbani hutakuwa na utetezi.