Kijiprogramu na Nchi ya Angani

Columbia, Maryland, ni mji uliofunguliwa mwaka 1967, na mitaa yake imebatizwa kutoka vitabuni: Hobbit's Glen kwa heshima ya Tolkien, Clemens Crossing kwa Mark Twain. Ukipotea huko usimuulize polisi, muulize mkutubi.

Tuseme huko Columbia fundi anamtengenezea mkutubi wa shule kijiprogramu cha kuchagulia vitabu. Mkutubi anatia tiki: umri, mada, bei. Anabonyeza, orodha inamwagika kama masika. Hongera, fundi! Ila tia tiki lugha ya Kiswahili kama umeona hicho kisanduku. Riwaya ya Kusadikika ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951, imeuzidi mji wenyewe umri kwa miaka 16, lakini haimo kwenye orodha. Nchi ya Kusadikika inaelea angani, na data za fundi nazo ziko kwenye wingu. Ajabu, majirani hao hawajawahi kuamkiana.

Sheria ya Maryland ya 2024 inakataza kukitenga kitabu kwa sababu ya asili ya mwandishi wake. Basi hapa hakuna aliyekitenga, hakikuorodheshwa tu. Msililaumu chujio, wakutubi. Matundu yake yana aliyeyatoboa.