Kanada ya Masako

Tumeletewa Kanada hadi Masako. Mpiga picha wetu hutoka Kisangani kwa pikipiki, kilomita kama 15 kwenye barabara ya zamani ya Buta, mpaka Hifadhi ya Masako, ambako msitu ni wa kijani mwaka mzima. Kisha, kwa kidole kimoja juu ya simu, anaugeuza wote rangi ya chungwa, kama msitu wa Kanada majani yakikaribia kupukutika. Miti chungwa, mto chungwa, mama aliyekuwa akipita na fungu la pondu naye chungwa, pondu na yote. Wenye kupenda picha wanaandika: "Ulaya hiyo!"

Ndugu yangu, kama wekundu ndio unaoutaka, inua macho. Miti mingi ya ikweta huchipua majani machanga mekundu kabla kijani hakijakolea. Yapo bure, hayahitaji programu. Ila usiyaendee saa sita mchana, jua hilo huyafanya yang'ae kama mabati. Ngoja wingu, au nenda mvua ikishakatika, rangi inakuwa imekolea. Au simama upande ambao jani litakuwa kati yako na mwanga, ndipo hata mishipa yake itaonekana. Sogea karibu, weka shina pembeni, na lile anga jeupe liache nje.

Katika kuacha vitu nje, nakiri, kijana ni fundi. Magunia ya makala yanayoshuka mjini kwa baiskeli hayajaingia katika picha yake hata moja.