Panya wa Kabatini

Usiku wa kuamkia maonyesho ya mbwa mjini London, mabwana walipokwenda kulala na taa kuzimwa, mbwa watatu walibaki macho vizimbani wakihesabiana nasaba.

"Babu zangu," alianza mwenye manyoya ya dhahabu, "walikuwa wachezaji wa sarakasi kutoka Urusi. Tajiri mmoja wa Uskoti aliwaona Brighton, wakamvutia, akanunua kundi zima."

Jirani yake, mwekundu, masikio wima, akacheka. "Hao ni wa juzi tu. Mimi ni mbwa wa Firauni. Wazee wangu wamechorwa makaburini Misri. Kwa miaka 3,000 damu yetu haijachanganyika."

Wa tatu, mdogo, mkia kaukunja juu ya mgongo, alikuwa kimya.

"Na wewe?"

"Natoka Congo. Huku naitwa Basenji. Mswahili akilisikia jina hilo halitaki tafsiri: washenzi."

Wale wawili wakageuza nyuso.

Hapo Panya akatokeza chini ya sakafu. Ukoo wake umeishi katika kabati za karatasi tangu enzi. "Sisi hutafuna kingo," alisema, "katikati husoma. Nisikilizeni.

"Wewe wa dhahabu, lipo daftari la Dudley Marjoribanks, bwana wa Guisachan huko Uskoti. Likachapishwa mwaka 1952, na Warusi hawamo. Yumo Nous, dume wa njano aliyenunuliwa Brighton mwaka 1865. Yumo na Belle, jike hodari wa maji kutoka mto Tweed. Mwaka 1868 wakapandishwa, Belle akazaa watoto wa njano. Ukiona maji, miguu haikutulii. Ulidhani umerithi kwa nani? Hadithi yako ya sarakasi imemfuta mama."

Mbwa wa dhahabu akainamisha kichwa.

"Nawe mwekundu, mwaka 2004 ulichapishwa uchunguzi wa vinasaba vya mbwa 414 wa aina 85. Hukuonekana kwenye matawi ya kale. Ulikutwa pamoja na mbwa wa Ulaya wa karne hizi za karibuni. Jina la Firauni umelipata Uingereza, juzi juzi katika karne ya 20. Kwenu Malta unaitwa kelb tal-fenek, mbwa wa sungura. Usiku mkulima alitoka nawe hadi kwenye kuta za mawe zilizopangwa bila saruji. Ulitia pua kwenye mwanya mmoja, ukaacha, ukatia kwenye wa pili, ukasikiliza, ndipo ukabweka: yumo! Watoto wakala nyama. Mkulima yule alipokuwa na njaa hakumwita Firauni, alikuita wewe. Mkataa kwao ni mtumwa."

Mdogo akasogea kwenye nondo. "Na mimi?"

"Wewe uchunguzi ule ule ulikuweka kwenye matawi ya kale. Lakini hilo si la kujivunia mbele ya wenzako, wala silo nililojia. Jina lako nalo ni hekaya. 'Mshenzi' ni neno la mpita njia asiyeingia nyumbani kwa watu. Waliokulea msituni walijua kwamba hubweki, wakakuvika shingoni kengele ya mti, ili waisikie vichakani unapowaswaga wanyama kuelekea wavuni. Aliyekuchongea kengele ile alikujua kuliko aliyekupa jina."

Kimya kikatanda ukumbini. Panya akasema taratibu, "Kuna uongo unaokweza na uongo unaodhalilisha, na vyote viwili vimezaliwa tumbo moja. Vyote humdhulumu aliyekulisha na kukufunza kazi. Mwenye kutafuta ukoo wake na aanze kwa kuuliza: nani alinishika mkono?"

Akarudi chini ya sakafu.

Kulipokucha mabwana walikuja na vitana na beseni kubwa la maji. Kila mwaka mbwa wa dhahabu alisubiri aburutwe kwa mnyororo, maana mjukuu wa wanasarakasi haogi bila kubembelezwa. Siku hiyo alitumbukia mwenyewe, maji yakaruka hadi dirishani.