Kidole cha Kijana wa Fotokopi

Hapa Bunia, kitabu cha asiyeona kina adui mmoja: kidole gumba cha kijana wa fotokopi. Kidole hicho hukandamiza kitabu juu ya kioo, tena palepale pembeni chini ilipo namba ya ukurasa. Nimelalamika. "Mama, maneno si yote yametoka?" Yametoka. Ila mwalimu akisema "fungueni ukurasa wa 40", anayesikiliza kitabu kwenye simu hutafuta 40, na 40 iko chini ya kidole. Mkataba wa Marrakesh wa 2013 unazitaka nchi zilizouridhia ziruhusu vitabu vinakiliwe kwa ajili ya wasioona bila kumwomba mwenye haki ruhusa. Vidole haukuvitaja.

Mimi husahihisha vitabu hivyo vikishapigwa skani. Namba ikinusurika, programu inayogeuza picha kuwa maandishi huidhania neno la mwandishi na kuitia katikati ya sentensi. Ndivyo mfalme mmoja wa hadithini, mwenye wake wawili tu, alivyotangazwa na simu sebuleni kwangu kuwa na "wake 84 wawili". Mama mkwe, aliyekuwa mgeni wangu, aliuliza kama mume wangu naye anasoma kitabu hicho. Mwenzangu wa kazi akafuta namba zote, kitabu kizima. Mfalme akapona, kurasa zikapotea.

Ikabidi tuhesabu upya. Wachapaji nao ni mtihani: ukurasa unaofungua sura mara nyingi hauna namba, wa picha hauna, na utangulizi huhesabiwa kwa Kirumi, basi sauti inalia "i, i, i" kama mwenye jino bovu. Lakini hesabu hii ina utamu wa kipelelezi. Karatasi hubeba 95 mbele na 96 mgongoni. Ukitoka 95 ukaangukia 98, kijana alifunua karatasi mbili kwa mpigo, mrudie. Ukitoka 96 ukaangukia 99, karatasi imechanwa, na huenda imeshafungia karanga sokoni.

Yetu ilikuwa imechanwa. Tuliipata kwa mzee mmoja wa Mudzipela, ambaye kitabu chake hakitoki nyumbani. Nilinakili kwa kalamu huku akinichunga.

Kumbe nakala ya mwalimu nayo ilikuwa na pengo lilelile. "Nani ana 97?" Mkono ukainuka mmoja tu, wa mwanafunzi wetu asiyeona. Darasa zima likamgeukia. Umeme haukuwako tangu juzi. Simu ikasoma nusu sentensi, ikazima.